Tulimbeba Bila Neno

Adelina mwanangu,

Mambo ya safari shangazi yako amekwisha kukueleza, na mengine umemjibu kwa ukali mpaka nikacheka peke yangu huku chumbani. Blanketi, chumvi, vidonge vya malaria, usikae nyuma kabisa ya lori: hayo siyarudii. Wewe ni nesi. Unajua kazi yako kuliko nilivyojua yangu nilipokuwa na umri wako. Ninakuandikia jambo ambalo shangazi yako halijui, na ambalo nilikuwa nimekusudia kufa nalo. Ninaandika mistari michache, ninapumzika, kisha ninaendelea, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Juzi ulipokuwa ukininywesha uji ulisema, "Baba, mimi ninakwenda kufunga vidonda vya watu wetu. Wakiniletea wa adui, nitamwacha alale pale pale mpaka anyamaze mwenyewe. Hiyo ni ya kifo cha kaka Deusi." Kijiko kilikuwa mdomoni mwangu, ukadhani nimenyamaza kwa sababu ya uji. Nilinyamaza kwa raha. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine yote. Nilikutazama ukifuta bakuli nikajisikia kama mzee ambaye mkono wake umekauka, halafu akaoteshwa mwingine, mpya na wenye nguvu. Nilisema moyoni, huyu atafika kwa niaba yangu pale nisipoweza kufika.

Raha hiyo ninaifahamu. Niliwahi kuionja, na imekaa nami hadi leo.

Mama yako alipokufa wewe ulikuwa bwenini. Tulikuandikia kwamba alifia ndani ya lori la Operesheni Vijiji tulipokuwa tukihamia hapa barabarani, na kwamba mtoto hakuishi. Hatukukuandikia zaidi. Sasa nitakuambia. Mama yako alikuwa amejifungua siku chache tu, na damu ilikuwa bado haijakatika. Mimi ndiye niliyekuwa mganga wa zahanati, niliona wazi kwamba hawezi kupandishwa kwenye lori. Watu wa machela walikuwa wamekwisha kuja kwetu kilimani, mti tayari, matete yamekazwa vizuri, wampeleke hospitali ya misheni ng'ambo ya mto Ruvuvu. Ladislaus, Katibu wetu, akawasimamisha uani.

"Vijana hawa ninawahitaji wapakie mizigo," alisema. "Lori lipo, Mganga. Mambo ya kubebana mabegani ni ya enzi za watemi."

Nikamwambia mke wangu anatoka damu.

"Wewe ndiye mfano," akasema. "Ukibaki wewe na mgonjwa wako, kila nyumba itakuwa na mgonjwa. Mpandisheni."

Tukampandisha juu ya magunia ya maharagwe na milango iliyong'olewa. Paa letu lilikuwa limekwisha kushushwa ili tusirudi. Njiani lori likazama kwenye tope. Ladislaus alishuka akakunja suruali mpaka magotini, akasimama pembeni akiwaelekeza watu wasukume upande gani. Mama yako alinyoosha mkono kutoka juu ya magunia, hakuwa akinitafuta mimi, alikuwa akitafuta cha kushika. Nilipanda nikamshika. Sauti ya yule mtu chini, akisema moja, mbili, tatu, sukuma, ndiyo sauti ya mwisho mama yako aliyoisikia duniani. Mimi nilitaka iwe yangu.

Kuanzia siku ile nilimchukia kwa mpangilio, kama mtu anayefuga ng'ombe. Asubuhi niliilisha chuki hiyo, jioni niliilisha. Nilimpa shikamoo kwa kuwa alinizidi miaka, nilimchoma sindano mkewe, nilikaa naye mikutanoni. Hakuna aliyejua ukubwa wa chuki hiyo isipokuwa watu wa machela, ambao walikuwa uani kwangu siku ile na waliona kila kitu.

Wewe hukuwahi kwenda nao, kwa sababu ni kazi ya wanaume, kwa hiyo acha nikueleze namna walivyofanya kazi. Mgonjwa akilazwa kwenye machela, wanane hushika njia, wanne begani na wanne wa kupokea, wakibadilishana bila kusimama. Kupanda mlima kichwa hutangulia, kushuka miguu hutangulia. Hayo hata mimi ningeweza kuwafundisha. Lililonishangaza nilipotoka chuoni ni maneno. Mgonjwa akishainuliwa tu, wanaanza kumtania. Wanamtania njia nzima, bila huruma, naye anatakiwa ajibu. Akikasirika ndiyo vizuri zaidi. Kaka yako Deusi alikuwa hodari kuliko wote. Nakumbuka walivyombeba bibi mmoja aliyeumwa na nyoka, mguu umevimba kama gogo, macho yanataka kufumba.

"Bibi," Deusi akamuuliza, "nyoka ndiye aliyekuuma wewe, au wewe ndiye uliyemuuma nyoka? Maana tuliyemkuta amekufa ni yeye."

"Mtoto mshenzi wewe," bibi akasema. "Nikipona nitakwenda kwa baba yako nimuulize alikulea wapi."

"Pona basi uje. Baba huyu hapa nyuma, anakusikia."

Bibi alimtukana Deusi mpaka kwenye geti la hospitali, na alipona.

Mimi niliyesoma niliona ni upuuzi. Na wakirudi, hata kama mgonjwa amekufa, hawakwenda nyumbani. Walishuka mtoni wakaoga, wakakaa na kibuyu cha pombe ya ndizi, kila mmoja akarudia alivyomtania yule mtu na alivyojibiwa, wakacheka, wengine wakalia katikati ya kicheko, na mtu ambaye hajasema lake hakuruhusiwa kuondoka. Siku moja niliwaambia ni afadhali wakalale, mwili unahitaji usingizi. Barnaba, yule mrefu aliyekuwa akiinamisha machela upande mmoja, akanijibu kwa upole.

"Mganga, maneno haya ni ya njiani. Tusipoyaacha hapa mtoni, tutakwenda kumlaza mgonjwa kitandani kwa wake zetu."

Niliwaelewa taratibu sana, baada ya miaka. Niliwaona watu wale wakibeba watoto waliokufa, wanawake waliopasuka, wavuvi wasio na uso, na asubuhi wakaamka wakapalilia kahawa. Mimi niliyewatazama tu nilikuwa nikiamka nimelowa jasho. Nilipoanza kukaa nao mtoni, nikalala.

Sasa, Ladislaus. Mwaka wa pili baada ya mama yako, alikuwa akiteremka na pikipiki kwenda kukagua shamba la kijiji, mvua ilikuwa imekata njia, akaingia korongoni. Walipokuja kuniita nilikuta paja limevunjika na tumbo limeanza kuwa gumu. Nilijua anavuja damu ndani. Barabara ilikuwa imekatika, lori halipiti. Lilibaki bega.

Nilimfunga banzi. Sijawahi kufunga banzi zuri namna ile. Nilimpa maji ya kulowanisha midomo, nikamfunika, nikafanya kila nilichofundishwa, na watu wote waliona. Kisha Barnaba akanivuta kando.

"Tunambeba?"

"Tunambeba."

"Vizuri?"

"Vizuri kuliko mtu yeyote mliyewahi kumbeba. Ila leo hakuna maneno."

Barnaba alinitazama, kisha akatazama chini. Deusi alikuwa karibu, akasikia.

"Baba, hata salamu?"

"Hata salamu. Mama yako alisalimiwa na nani?"

Wakamwinua. Mwanzoni Ladislaus alidhani tunamheshimu. Alilala akitazama mbingu kama kiongozi kwenye gwaride. Lakini machela yalikuwa yamepita mbele ya ofisi yake mara nyingi, na alikuwa akisikia utani wa vijana mpaka naye akicheka dirishani. Tulipofika kwenye mteremko akageuza kichwa.

"Mbona kimya, ndugu zangu? Nani anaanza? Semeni hata kwamba mimi ni mzito."

Hakuna aliyesema. Nilisikia miguu kwenye tope na mti ukilia kwenye kamba.

"Barnaba, wewe mrefu, unanimwaga. Nijibu."

Barnaba akanyanyua bega, machela yakakaa sawa, hakujibu.

Ndipo alipoelewa. Nililiona jambo hilo likimwingia usoni, mwanangu, na lilikuwa tamu. Sitakudanganya. Njaa niliyokuwa nayo tangu siku ya tope ilishiba dakika ile. Alinitafuta kwa macho, nikajiweka mahali ambapo angeniona vizuri.

Deusi alikuwa ameshika mti upande wa kichwa, uso wake juu ya uso wa yule mtu. Ladislaus akamwambia kwa sauti ndogo, "Deusi, wewe ndiye fundi. Nitukane, mwanangu. Moja tu." Deusi akanitazama. Nilitikisa kichwa.

Kwenye mtumbwi, tulipokuwa tukivuka, Ladislaus akaanza kujitania mwenyewe. "Mwangalieni Katibu," alisema. "Alikwenda na magurudumu mawili, anarudi na miguu kumi na sita." Akacheka, akakohoa. "Mwangalieni, alisema machela ni ya enzi za watemi, sasa yeye ndiye mtemi." Aliendelea hivyo, akijirushia maneno na kujijibu, sauti ikipungua, mpaka tukafika ng'ambo na kuanza kupanda. Katikati ya mlima alinyamaza. Tulimfikisha hospitali akiwa na joto bado. Daktari alisifu banzi langu.

Unaweza kusema angekufa tu. Huenda. Nimesoma, ninajua damu iliyomwagika tumboni hairudishwi kwa mzaha. Lakini nisikilize vizuri hapa. Mimi sikumnyima maneno yale kwa kuwa hayasaidii. Nilimnyima kwa kuwa niliamini yanasaidia.

Jumapili iliyofuata padri alinitaja kanisani, akasema huyu hapa ni mtu aliyembeba adui yake begani. Nilikuwa nimekaa kiti cha mbele. Nilipokea sifa ile kama mtu anayepokea nyama. Hakuna mtu duniani angeweza kunishtaki, na hilo lilikuwa nusu ya utamu.

Nusu nyingine ilianza kuoza tukiwa bado mtoni, ila mimi nilichelewa kusikia harufu. Tulioga, tukakaa, kibuyu kikazunguka. Hakuna aliyekuwa na la kurudia. Walikuwa wametembea njia nzima na hawakusema chochote, wataacha nini pale? Barnaba akanywa, akasimama, akasema, "Leo nimembeba peke yangu," akaondoka. Hakushika mti tena hadi leo. Mwezi uliofuata waliitwa kumbeba mama mjamzito. Walikuja, walimwinua vizuri, na kila aliyefungua mdomo akaona haya. Walijaribu. Maneno yalitoka kama ya watu waliofiwa wanaolazimishwa kucheza ngoma.

Kaka yako ndiye aliyeumia zaidi, kwa kuwa ndiye aliyeombwa kwa jina. Wewe ulirudi likizo ukamkuta amekonda, ukaniuliza, nikakuambia ni minyoo. Alikuwa akikaa migombani peke yake akizungumza. Siku moja nilijongea nikasikiliza. Alikuwa akimtania Ladislaus. Maneno yote ambayo angemwambia kwenye mteremko, kwenye mtumbwi, mlimani, alikuwa akimwambia sasa, moja baada ya jingine, halafu ananyamaza kungoja jibu. Yalikuwa mazuri kweli. Mengine yangemfufua mtu.

Aliniona. Akasema, "Baba, nikuambie nilichotaka kumwambia?"

Nikamwambia, "Yamekwisha, Deusi." Nikampa vidonge vya usingizi.

Hicho ndicho nilichomfanyia mwanangu. Nilikuwa nimekaa na watu wa machela kwa miaka, ninajua dawa yao, ninajua inavyofanya kazi, na dawa yenyewe ilikuwa ni kukaa chini nimsikilize tu. Lakini nikimsikiliza yeye ingebidi nimsikie na Ladislaus. Sikuwa tayari kumpa Ladislaus hata sikio.

Tangazo la mgambo wa kwenda vitani lilipofika, Deusi alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Watu walisema ni uzalendo, nami nikaitikia.

Yule kijana wa Biharamulo aliyekuja na magongo baada ya msiba wa Deusi, uliyemkaangia samaki, unakumbuka nilikutuma kisimani na maji yalikuwepo mtungini. Nilitaka kumuuliza peke yangu. Aliniambia hivi. Walikuwa wamepewa amri ya kurudi nyuma, makombora yanaanguka. Kwenye shamba la migomba wakamkuta mtu amejeruhiwa tumboni. Deusi akaketi chini, akamkandamiza kidonda kwa shati lake, akaanza kuzungumza. Wenzake wakamwita, hakuinuka.

"Alikuwa akimwambia nini?" nilimuuliza.

"Mzee, mimi ni Msubi, Kihangaza chenu ninakisikia nusu nusu. Alikuwa akimwambia kwamba ni mzito kama jiwe la kusagia. Akamuuliza mama yake alimlisha nini. Anacheka huku anamwambia. Yule mtu hakuelewa hata neno moja, lakini alikuwa amefumbua macho, anamtazama."

"Alikuwa wa kikosi gani?"

Kijana akashika magongo yake. Kisha akasema, "Hakuwa wetu, mzee. Alikuwa wa kwao."

Kombora likawakuta wote wawili.

Wewe nilikuambia kombora la adui lilimuua kaka yako. Ni kweli, nilikata tu kipande. Nilikikata kwa makusudi, kwa sababu ulipopata habari ile niliona uso wako ukiwa mgumu, na ugumu ule niliupenda. Niliogopa ukijua habari yote utalegea. Mimi kifua changu hakiwezi kunifikisha hata barabarani, sasa ni nani angekwenda kuwanyamazisha kwa niaba yangu? Nikakuacha na chuki yako, nikawa ninailisha kidogo kidogo, kila ulipokuja na uji. Unadhani kiapo chako ulikibuni mwenyewe. Ninakifahamu kiapo hicho. Kinafanana na mimi kuliko pua yako.

Usidhani nimekuwa mtakatifu kwa kuwa ninakufa. Ladislaus bado ninamchukia. Nikifumba macho ninamwona amekunja suruali pembeni ya tope, na mkono wa mama yako uko juu, na kama angekuwa amelala mlangoni hapa sasa hivi sijui ningemwambia nini. Huenda nisingemwambia kitu tena. Na yule majeruhi wa migombani, ambaye hata jina lake silijui, nilimchukia zaidi kuliko aliyerusha kombora, kwa sababu yeye alipewa maneno ambayo yalikuwa ya Ladislaus, na ambayo mimi nilimzuia mwanangu kuyasema hadi yakamwendesha kwenda kuyasemea huko.

Kwa hiyo sikukatazi. Sina uso wa kukukataza. Huko unakokwenda wataletwa wengi, na katika hao wapo watakaostahili kila utakachowanyima. Utajua namna ya kumnyima mtu bila mtu yeyote kukuona, kwa mikono safi na bandeji nzuri. Utaipata raha yake. Ila machela hayabebwi na mmoja. Upande wa pili atakuwepo mwenzako, nesi au askari au dereva, na yeye ataona usichokifanya, na atakwenda nacho. Na jioni mtakapokaa kunawa mikono, wenzako wataanza kusema ya siku hiyo, wengine kwa kucheka, wengine kwa kulia. Kaa nao. Ukisikia huna la kusema mbele yao, jiulize kwa nini, usingoje kama mimi nilivyongoja.

Na kama unakwenda kulipiza kifo cha Deusi, basi ni haki yako ujue kwamba aliyemtoa nyumbani hapa hakuvaa sare. Alikuwa na cheti cha uganga, alisifiwa kanisani, na juzi ulikuwa ukimfuta uji kidevuni.

Shangazi yako ameniona ninaandika, akasema barua aitie sandukuni uisome ukifika Bukoba. Nimekataa. Hiyo ingekuwa hila nyingine ya kumnyima mtu nafasi ya kunijibu. Nitakupa mkononi asubuhi, ukishakunywa chai, nawe utaisoma hapa chumbani, mimi nikikutazama. Lori likipiga honi, liache lipige. Dereva ni kijana wa Lusahunga, mama yake nilimzalisha mimi zahanati, atangoja. Ukimaliza, fanya lolote unaloona ninastahili. Mimi nitakuwa nimekaa kwenye kiti changu, nimeuelekea uso wako. Siwezi kusimama nikatoka, kwa hiyo usiwe na haraka.

Baba yako